Saa Nne za Mashine

Middlesbrough, mwezi wa kumi na mbili,
jua linatua kabla ya saa kumi
kama jirani aliyekuja kuazima chungu tu.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi
natoa mkono wa kushoto, natazama pembeni,
Sista Jincy anachoma sindano mbili
na damu yangu inatoka, inakwenda
ikaoshwe, irudi.

Saa nne nzima. Hulali, huondoki.
Ukutani kuna televisheni, nayo Desemba yote
ni zile filamu kuukuu za Krismasi,
nyeusi na nyeupe, zenye mikwaruzo,
watu wakivua kofia kila wanaposalimiana.

Krismasi si sikukuu yangu. Mwatumu, mke wangu,
alicheka hadi akakaa chini:
"Na wewe nawe, unamlilia tarishi wa Kizungu?"
Namlilia. Kila mwaka.

Anapoteza mfuko wa barua kwenye theluji
usiku wa kuamkia sikukuu,
anarudi kuutafuta kwa taa ya mafuta,
na mbwa asiye wake anamfuata nyuma.
"Theluji ile ni chumvi," alisema Bi Doreen Tweddle,
kiti cha pili, blanketi la manjano magotini.
"Walimwaga magunia kwa magunia."
Tukacheka wodi nzima,
sisi tuliokatazwa hata chembe juu ya yai,
sisi tunaopimiwa maji kwa kikombe
huku mvua ya nje ikimwaga mapipa bila hesabu.

Doreen alikuwa na ada yake:
kumtangulia kila mwigizaji.
Tarishi hajabisha hodi mlango wa mwisho
yeye keshafungua:
"Umechelewa. Lakini umefika."
Nikamwambia, kwetu hilo ni maneno mawili tu,
kawia ufike.
Akayazungusha mdomoni kama peremende.
Nikamfundisha na paukwa, naye aitikie pakawa.
Akawa anasema "pakaua",
kana kwamba kuna paka hapo, na mauaji.
Basi filamu haikuanza mpaka tuitikiane,
na Bwana Garbutt wa kiti cha tatu
anajifunika gazeti, hataki upuuzi.

Nilidhani napenda theluji, kofia, mbwa.
Sivyo.
Daktari huniambia "tutaona".
Orodha ya figo husema "subiri".
Barua za hospitali zimejaa "huenda".
Tarishi peke yake hajabadilisha neno.
Huanguka palepale, penye daraja,
huinuka palepale.
Sijaomba muujiza. Naomba kitu kimoja kwa siku
ambacho mwisho wake naujua.

Mwaka huu kiti cha pili kina kijana.
Ana vidude masikioni, hajajua bado
kwamba mkono huzoea kabla ya moyo.
Blanketi la manjano hakuna aliyelitaja.
Sista Jincy tu, siku ile ya kwanza,
alishika mlango wa kabati
muda mrefu kuliko mlango wa kabati unavyohitaji.

Jumamosi, saa nane na robo, muziki ukaanza,
ule wa nyuzi zilizolegea.
Sikupanga. Mdomo ulijisemea wenyewe:
Paukwa.

Mashine ikalia mlio wake. Mvua.
Mwatumu ananiuliza hadi leo ilichukua muda gani,
nami sijui, ningekuwa na saa ningetazama.
Kisha, nyuma ya gazeti,
sauti ya mtu aliyekaa miaka arobaini kwenye tanuri la chuma,
nzito, inayoona haya:
"Pakaua."

Kijana akatoa kidude kimoja sikioni.
"Nini?" akauliza. "Inahusu nini hii?"
Garbutt akakunja gazeti mara mbili, akaliweka tumboni.
"Tazama theluji," akasema.
"Chumvi tupu ile."